Maneno ya Kuzunguka: Yanamlinda Nani?



Wapendwa wasomaji, wajumbe wa kamati za sharika na marafiki mnaotutegemeza kutoka karibu na mbali, katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo ambalo halimo katika jedwali la bajeti wala katika viashiria vya mradi, lakini limetugharimu sana. Jambo lenyewe ni kusema kwa kuzunguka, yaani mtu kusema neno moja huku akimaanisha lingine, au kusema nusu na kumwachia msikilizaji nusu iliyobaki. Tunafanya kazi katika wilaya za Tarime na Serengeti, na tumejifunza kwamba kazi yetu huweza kusimama au kuanguka kwa sentensi moja ambayo hatukuielewa.

Ombi ambalo hatukulisikia

Mwezi Oktoba 2016, msichana mmoja wa darasa la kipaimara katika moja ya sharika zetu alimwendea mwinjilisti baada ya ibada. Alimwamkia, akasimama kidogo, kisha akasema, "Mwinjilisti, likizo ya Desemba naweza kuja kwenu kumsaidia mama kupalilia?" Mwinjilisti ni mtu mwema na mchapakazi. Alimjibu kwamba mahindi yake yatakuwa bado madogo, afadhali aje Januari. Msichana akasema, "Haya, asante," akaenda zake.

Desemba ile ukoo wake ulikuwa na msimu wa ukeketaji. Msichana alipelekwa kwa bibi yake, akakeketwa. Januari alirudi darasani, na habari ya palizi hakuiuliza tena.

Kamati ya mradi ya usharika ule ilituletea taarifa ya robo mwaka yenye maneno haya: "Hali ni shwari. Watoto wengi wamekwenda likizo kwa ndugu zao." Nasi ofisini tuliipokea taarifa hiyo kwa furaha. Kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamehudhuria semina yetu, tulikuwa tumekwisha kumhesabu binti huyo pamoja na dada zake katika safu ya walengwa wasio wa moja kwa moja. Taarifa ikaenda kwa wafadhili ikiwa safi.

Hatusimulii haya ili kumlaumu mwinjilisti wala kamati. Lawama kubwa ni yetu sisi wa ofisi ya miradi, kwa sababu tulikuwa tumewafundisha watu wetu namna ya kujaza fomu, lakini hatukuwafundisha namna ya kusikiliza. Msichana alisema kwa kuzunguka, kamati ikasema kwa kuzunguka, na sisi tukaandika kwa kuzunguka. Katika mizunguko hiyo mitatu, mmoja tu ulikuwa unatafuta msaada.

Neno la makaratasi

Wengi wenu mmekutana na maneno "isiyo ya moja kwa moja" katika maandiko ya miradi. Hii ni tafsiri ya neno la Kiingereza "indirect", na katika makaratasi lina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu watu. Mlengwa wa moja kwa moja ni yule anayepokea huduma yenyewe: amehudhuria semina, amepewa mbuzi, amelipiwa ada. Asiye wa moja kwa moja ni yule anayefikiwa na faida kupitia mwingine. Kwa mfano, mradi ukigawa mbuzi kwa kaya 40, na kila kaya ikikadiriwa kuwa na watu 6, taarifa itaonyesha walengwa 40 wa moja kwa moja na 200 wasio wa moja kwa moja. Hesabu hiyo si dhambi, maana maziwa ya mbuzi kweli hunywewa na nyumba nzima. Lakini semina si maziwa. Baba anaweza kuisikiliza siku mbili, akasaini karatasi ya mahudhurio, na binti yake asipate hata tone. Kwa hiyo hesabu inayofaa kwa mbuzi inaweza kudanganya katika ulinzi wa mtoto.

Kazi ya pili ni kuhesabu fedha. Gharama zisizo za moja kwa moja ni zile ambazo haziwezi kufungwa kwenye shughuli moja tu, kama umeme wa ofisi, mkaguzi wa hesabu au sehemu ya mshahara wa mhasibu. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Serikali ya Marekani ilikuwa na kiwango cha asilimia 10 kwa mashirika yasiyo na kiwango walichokubaliana nayo, na Oktoba 2024 kikapandishwa hadi 15. Tunayaeleza haya kwa sababu baadhi ya wajumbe wameuliza kwa mzunguko, "Hiyo asilimia inakwendaga wapi?" Swali hilo ni halali, na lina jibu katika vitabu vyetu. Yeyote anayetaka kuviona na aje, ataonyeshwa.

Tukiondoka kwenye makaratasi na kuingia midomoni mwa watu, neno hilohilo lina maana nyingine kabisa. Hapo ndipo tulipojikwaa.

Si sisi peke yetu

Wageni wetu wengine hudhani kwamba Waafrika huzunguka na Wazungu husema moja kwa moja. Mmarekani Edward T. Hall, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1976, alitofautisha jamii ambazo sehemu kubwa ya maana huwekwa katika maneno yenyewe na jamii ambazo sehemu kubwa hukaa katika mazingira: nani anasema, mbele ya nani, wakati gani, na nini hakikusemwa. Fikra hiyo inasaidia, mradi tusigawe watu kwa rangi au kwa kabila.

Wafilipino, kwa mfano, wana maneno maalumu ya mambo haya katika lugha yao ya Kitagalogi. Kudokeza huitwa "pahiwatig". Kusema jambo kwa sauti mbele ya watu ili mhusika alisikie bila kutajwa huitwa "parinig", neno lililotokana na shina la kusikia. Mwanamke wa Pwani yetu hahitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa akiwa na ugomvi na jirani anaweza kununua kanga yenye jina linalofaa, akaivaa na kupita mbele ya mlango wa mhusika. Jina halikutajwa, lakini ujumbe umefika.

Hata Waingereza huzunguka. Wakati fulani tulipokea barua iliyosema kwamba mwandishi angeshukuru kupata ufafanuzi kidogo kuhusu kifungu fulani cha matumizi "mtakapopata nafasi". Tuliisoma kama salamu, tukakaa nayo wiki saba. Kumbe maana yake ilikuwa: hesabu hii haijakubalika na awamu inayofuata haitatoka mpaka mtujibu. Tangu hapo tumejua kwamba upole wa barua haupimi uzito wa swali.

Je, Mkurya huzunguka?

Msomaji wa Dar es Salaam au Arusha atashangaa. Sifa ya Wakurya nchini ni kusema bila kuremba. Katika ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa jamii ambapo mambo ya wizi wa mifugo na usalama hujadiliwa, mtu hutajwa kwa jina lake na kuulizwa ng'ombe wako wapi. Aliyezoea adabu ya Pwani anaweza kudhani watu wanagombana, kumbe wanazungumza tu.

Lakini jamii hiyohiyo ina inchama, baraza la siri la wazee wa mila, na mambo ya baraza hilo hayasemwi njiani. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawataji mambo ya mwili. Mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea. Kwa hiyo Mkurya husema wazi katika mambo ya hadhara na huzunguka katika mambo ya mila, ya mwili na ya wakubwa. Tumeona hali inayofanana na hiyo kwa majirani zake wilayani Serengeti, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, kila jamii kwa kipimo chake. Ukeketaji umekaa pale mambo hayo matatu yanapokutana: ni mila, ni mwili, na ni amri ya wakubwa. Ndiyo maana mtu anayekuambia usoni kwamba mahubiri yako yalikuwa marefu hawezi kukuambia kwamba binti yake atakatwa Jumamosi.

Sheria nayo imeongeza ukimya. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa lenye adabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Kenya ilitunga sheria yake mpya ya kuupiga marufuku mwaka 2011, na kwa kuwa Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Sirari, safari ya "kusalimia ndugu" inaweza kumvusha mtoto kutoka sheria moja kwenda nyingine. Tunaziunga mkono sheria hizi kwa moyo wote. Hata hivyo ni lazima tukubali kwamba jambo likishakuwa kosa la jinai, watu huacha kulitaja kabla hawajaacha kulitenda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 ulionyesha asilimia 28. Tunamshukuru Mungu kwa kila alama iliyopungua. Lakini tukumbuke kuwa namba hizi zilipatikana kwa kuwauliza watu, na kuhusu jambo hili watu wana sababu ya kuzunguka.

Aina tano za kuzunguka

Baada ya mwaka ule tuliketi na wainjilisti, walimu, wazee wa kanisa na baadhi ya mabibi, tukakusanya sentensi tulizokuwa tumezisikia. Tulizipanga katika mafungu matano.

Fungu la kwanza ni kuzunguka kwa heshima. Mtu hasemi "amekufa", husema "ametutoka". Hasemi anakwenda chooni, husema anatoka kidogo. Hapa maneno yanalinda masikio ya msikilizaji, na hakuna kinachofichwa kwa kuwa kila mtu ameelewa. Pokea hivyohivyo. Anayemlazimisha mjane aseme kwa uwazi mume wake alikufa kwa ugonjwa gani hatafuti ukweli, anamwongezea jeraha.

Fungu la pili ni kukataa bila kuvunja undugu. "Tutaangalia." "Ngoja tuone." "Mungu akipenda." Kamati ikiombwa nguvu kazi ya kujenga choo cha shule na kujibu "tutajitahidi", mara nyingi imekataa, ila haitaki kukuaibisha. Maneno haya yanalinda uhusiano. Usiyavunje kwa ukali, bali uliza maswali yenye mlango: "Ingekuwa rahisi mwezi gani?" "Nani tungemshirikisha kwanza?" Jibu litakuonyesha kama kuna nia.

Fungu la tatu ni kuonya kupitia mwingine. Mzee anamkemea mjukuu wake mbele ya mhasibu wa kikundi: "Wewe ukila mbegu, tutapanda nini?" Mjukuu hakula mbegu yoyote. Maneno haya yanamlinda msemaji asilipiziwe kisasi, na yanampa mhusika nafasi ya kujirekebisha. Mjumbe mwenye busara hatacheka tu. Atakwenda kuangalia daftari la kikundi.

Fungu la nne ni kuficha tendo. "Kuna kasherehe kadogo ka familia." "Binti amekua sasa." "Amekwenda kumsalimia bibi." "Mambo ya kwetu tunayamaliza wenyewe." Kila sentensi kati ya hizi inaweza kuwa kweli tupu siku nyingine. Lakini zikisemwa Novemba au Desemba, katika mwaka ambao ukoo umetangaza msimu, na hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili kama ilivyo desturi ya koo nyingi, zinaweza kuwa pazia. Hapa maneno yanamlinda mtendaji dhidi ya mtoto.

Fungu la tano, ambalo tulichelewa mno kulitambua, ni kuomba msaada. Mnyonge huzunguka kwa sababu akisema wazi na asisaidiwe, atabaki peke yake na hasira ya nyumbani. "Mwalimu, likizo hii shule itafungwa siku ngapi?" "Naweza kuja kwenu kupalilia?" "Shangazi yako anaishi Musoma, eti?" Mtoto ameweka ombi lake ndani ya kitu kidogo, ili ukikataa aonekane ameomba kitu kidogo tu.

Mtaona kwamba sentensi peke yake haitoshi kuonyesha iko fungu gani. Swali lililotusaidia ni moja: maneno haya yanamlinda nani? Yakimlinda msikilizaji au undugu, yaheshimu. Yakimlinda mtu dhaifu anayeomba, yafuate mpaka uyaelewe, siku hiyohiyo. Yakimlinda mwenye nguvu dhidi ya mtoto, au mla fedha dhidi ya kikundi, usizunguke naye. Uliza waziwazi, kwa heshima na kwa faragha.

Jina la jambo lenyewe

Hata jina tunalolitumia lina mzunguko wake. Neno "tohara" limetoka katika Kiarabu na lina maana ya usafi. Anayesema "tohara ya wasichana" amekwisha kusema, bila kukusudia, kwamba msichana alikuwa mchafu. "Keketa" ni kukata kwa shida kwa kitu kisicho kikali, na "ukeketaji" ni neno lililochaguliwa ili kuonyesha ubaya wa tendo. Kikurya chenyewe hakitofautishi: esaro ni ya wavulana na ya wasichana. Kwa sababu hiyo tukisema kwa Kikurya kwamba tunapinga esaro, baba wa familia anasikia kwamba tunataka hata wanawe wa kiume wasitahiriwe, naye anatuona wendawazimu.

Katika taarifa na katika sheria tunasema ukeketaji, wala hatulainishi. Lakini ukimwambia bibi wa miaka 70, salamu zikiwa bado hazijaisha, "Je, umewahi kukeketa?", umemwita mhalifu na mazungumzo yamekwisha. Mwezeshaji wetu mmoja huanza hivi: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Huuliza habari za wajukuu, za mvua na za mguu unaouma. Kisha husema, "Mama, zamani zenu msichana alipofikia umri, mambo yalikuwaje?" Bibi husimulia yaliyompata yeye mwenyewe, na mara nyingi katika kusimulia hutaja maumivu ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Baada ya hapo swali la wazi linaweza kuulizwa: "Na huyu mjukuu wako, Desemba hii?" Mwezeshaji alizunguka ili afike. Asingefika kwenye swali la mwisho, mazungumzo yote yangekuwa matembezi tu.

Kwa wageni wetu: "ndiyo" na "bado"

Marafiki mnaotutembelea mmetuuliza kwa nini majibu hubadilika baada ya gari lenu kuondoka. Tunaomba mzingatie mambo mawili.

La kwanza, Kiswahili hukubaliana na swali jinsi lilivyoulizwa. Mgeni akiuliza, "Hamna tatizo lolote na kisima?" na wanakamati wakajibu "Ndiyo", wanamaanisha kweli hatuna. Wakijibu "Hapana, lipo", wanalikana swali. Mkalimani akitafsiri "ndiyo" peke yake, Mwingereza anaandika kwamba tatizo lipo. Dawa ni rahisi: msiulize swali lenye "hamna" au "si". Ulizeni, "Pampu iliharibika lini mara ya mwisho?"

La pili, neno "bado" hufanya kazi ya "hapana" pale ambapo "hapana" ingefunga mlango. Mwanamke asiye na mtoto akiulizwa kama ana watoto hujibu "bado", hata kama ana miaka 50, kwa kuwa mlango wa Mungu haufungwi na mwanadamu. Kikundi kikiulizwa kama kimerejesha mkopo hujibu "bado kidogo". Hilo si jibu la tarehe. Ni jibu la matumaini, na tarehe huulizwa kwa swali lake.

Neno la Mungu linasemaje?

Baadhi ya wakristo wetu wanasema kwamba Bwana Yesu katika Mathayo 5:37 alikataza mzunguko wote, kwa kuwa alitaka ndiyo yetu na siyo yetu ziaminike bila kiapo. Ni kweli, na ndiyo maana kuficha tendo ni dhambi. Lakini Bwana huyohuyo alifundisha kwa mifano. Na katika 2 Samweli 12, nabii Nathani hakuingia kwa mfalme Daudi na mashtaka. Alianza na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi alipokwisha kukasirika na kutoa hukumu, ndipo Nathani akamwonyesha waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye mfalme. Tuzingatie kwamba Nathani hakuishia kwenye mfano. Angeishia hapo, Daudi angelala usingizi mzuri na damu ya Uria ingebaki bila kusemwa.

Tena Martin Luther, akieleza amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kumtetea jirani na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Tulizoea kuitumia amri hii kwa wazazi: tusiwashuku, wamesema watoto wako kwa ndugu. Lakini mtoto naye ni jirani yetu. Kuyatafsiri maneno yake kwa wema ni kuamini kwamba hakuja kwetu bure, na kwamba palizi haikuwa palizi tu.

Tunachofanya sasa

Tumebadilisha mambo manne, nasi tunaomba kamati zote ziyafuate.

Kwanza, katika fomu ya kamati tumeongeza nafasi ya kuandika maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa, na aliyeyasema ni mtoto, mzazi au mzee. Jina la mtoto halitajwi. Chini yake mnaandika maana mnayoidhani. Sentensi "hali ni shwari" peke yake haipokelewi tena ofisini.

Pili, binti wa mzazi aliyehudhuria semina hahesabiwi tena kuwa amelindwa. Tunamhesabu pale tu ambapo yeye mwenyewe amefikiwa, na tumejua yuko wapi baada ya likizo. Kwa sababu hiyo safu ya walengwa wasio wa moja kwa moja imepungua sana katika taarifa zetu. Wafadhili wapendwa, msione kupungua huku kama kushindwa. Tunaomba pia mtuvumilie tunapoandika "hatujui bado", maana ni afadhali kuliko namba nzuri isiyo na mtoto ndani yake.

Tatu, kila darasa la kipaimara na kila shule ya Jumapili lina watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, ambao watoto wameambiwa wazi kwamba wanaweza kuwaendea na neno lolote hata likiwa la mzunguko. Watu hao wana namba za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na za ofisi ya ustawi wa jamii, pamoja na 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto isiyolipiwa. Wanafahamu pia vituo vya wenzetu wa makanisa na mashirika mengine, kama Masanga kwa upande wa Tarime, na nyumba salama ya Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2017 na Rhobi Samwelly. Mtoto hapelekwi huko kwa siri ya mtu mmoja. Hupelekwa kupitia polisi na ustawi wa jamii, ili amani ya kurudi nyumbani iweze kutafutwa kisheria.

Nne, wahudumu wote wameambiwa kwamba ombi la mtoto halijibiwi kabla ya kumuuliza, "Kwa nini unaomba hivyo, mwanangu?" na kungoja jibu.

Mwezi Novemba 2018 mwinjilisti yuleyule alifuatwa na msichana mwingine. Huyu aliuliza kama kwaya itakuwa na mazoezi Desemba nzima. Mwinjilisti hakumjibu habari za kwaya. Alimwita mke wake, wakakaa chini ya mti, na mama akamuuliza swali hilo la mwanangu. Msichana alinyamaza muda mrefu, kisha akaeleza kwamba ng'ombe wa mahari wamekwisha kuzungumzwa na kwamba bibi amekuja kumchukua. Jioni ile walifika polisi. Alikaa katika nyumba salama mpaka Januari, na baada ya vikao vitatu vya ustawi wa jamii pamoja na baba yake, alirudi nyumbani akiwa mzima.

Tunamkumbuka na yule wa kwanza. Alipata kipaimara pamoja na wenzake, na mwinjilisti alimwomba msamaha. Alijibu, "Si neno, mwinjilisti." Wahudumu wetu wamekuwa wakijadili sentensi hiyo iko fungu gani, na hatujakubaliana.

 Kamati zitakazopenda kufanya mafunzo haya katika sharika zao ziwasiliane na ofisi ya miradi ya dayosisi kabla ya likizo.